Ziwa Tanganyika likifungwa miezi mitatu, nani amlishe mvuvi?

Mleta mada, Kigoma: Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Uamuzi huo haukuzaliwa hapa. Ulitokana na makubaliano ya nchi nne zenye ziwa hili (Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia) kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura.

Mimi naunga mkono, na nasema hivyo nikijua nitakasirikiwa. Dagaa wetu ndiye ndagala wa Burundi, ndiye kapenta wa Zambia. Tukizima taa za kuvulia dagaa Kigoma huku Kalemie, upande wa Kongo, zinawaka usiku kucha, tumewatunzia wenzetu mavuno. Malengo 17 ya Umoja wa Mataifa yanataka njaa iishe na maji yatunzwe ifikapo 2030. Kwenye ziwa hili hakuna serikali itakayoyafikia peke yake. Pingeni.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi: Mwanangu, napinga. Ziwa lilifungwa, marejesho ya mkopo hayakufungwa. Kila wiki mtu yuko mlangoni. Wenzangu walikimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, mpaka leo hawajatoka. Halafu mnasema ziwa lipumzike, kana kwamba halijawahi kupumzika! Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaifuati taa, tunakaa nyumbani kila mwezi. Lengo la kwanza kabisa katika hayo 17 ni kumaliza umaskini. Mbona mmeliruka?

Mchangiaji, Uvira: Kongo ndiyo yenye sehemu kubwa ya ziwa kuliko nchi zote, karibu asilimia 45. Huku kwetu kuna vita. Nani atazunguka usiku kuhesabu taa? Bujumbura hawana askari wala hakimu, wanategemea kila nchi ijisimamie.

Mchangiaji, Mpanda: Na joto je? Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, chakula cha samaki kinabaki kilindini. Hilo halifungwi kwa amri.

Mleta mada: Kweli, joto halifungwi. Ndiyo sababu nyingine ya kutomaliza dagaa wachanga waliobaki.

Mama wa Kibirizi, umenishika. Nilihesabu samaki, sikuhesabu marejesho. Basi naongeza: nchi hizo nne zikikaa kupanga tarehe za kufunga, kikao hichohicho kipange na chakula cha miezi mitatu. Sehemu ya ushuru wa mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, itengwe mapema, mwezi hata mwezi, na ratiba za mikopo zisogezwe kabla ya Mei. Waanikaji wa dagaa wahesabiwe pia, maana orodha za wavuvi huishia kwa wenye mitumbwi, na mwanamke mwenye chanja hazimwoni.

Ndugu wa Uvira, wewe ndiye hujanijibu: pasipo doria, wavuvi wenyewe wa huko wangekubali kulindana mwalo kwa mwalo?