Mjadala: Petroli yenye ethanoli na magari ya zamani, nani abebe gharama?

Wadau, karibuni tujadili hili kabla halijatukuta. Septemba 2021 Uingereza ilipandisha kiwango cha juu cha ethanoli (spiriti ya miwa, mahindi na kadhalika) kwenye petroli ya kawaida kutoka asilimia 5 hadi asilimia 10. India imefika 20, Brazili 30. Anayedhani ni habari za mbali akumbuke kwamba Malawi inachanganya tangu 1982, na Kenya yenyewe ilishafanya hivyo miaka ya 1980 kwa spiriti ya molasi (masalio ya miwa baada ya kutoa sukari) iliyotengenezwa Muhoroni, hadi mpango ukafa. Viwanda vya sukari bado vipo na molasi ipo. Hoja hii itarudi.

Msimamo wangu nautoa mapema: wachanganye, lakini kila pampu iandikwe asilimia ya ethanoli, na sheria ilinde angalau daraja moja la petroli ambalo gari la zamani la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya injini) linaliweza. Bila hayo mawili, napinga.

Sababu ziko chini ya boneti. Peugeot 504 au Land Rover ya miaka ya 60 ina paipu za mpira na daiframu ya pampu ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya spiriti. Mpira huo huvimba, hulainika, kisha hupasuka. Petroli ikidondokea manifodi ya moto, hapo hatuzungumzii gari kumisi tena, tunazungumzia gari kuungua. Ethanoli pia hung'oa uchafu wa miaka mingi uliogandia tangini na kuusukuma hadi kwenye filta na jeti, vile vitundu vidogo vya kabureta vinavyopitisha petroli. Halafu inavuta maji. Petroli ya asilimia 10 ikishapata maji kiasi cha nusu asilimia hivi, ethanoli huachana na petroli na kutuama chini pamoja na maji hayo, pale pale pampu ya gari inapovutia. Gari linalotembea kila siku halipati shida kubwa, kwa sababu mafuta hayakai. Linaloumia ni lile linalotolewa kwa ajili ya harusi na maonyesho tu, hasa likiwa Mombasa au Dar ambako hewa yenyewe ni maji.

Wa bara nao wasijione wamepona. Ni kweli kwamba ethanoli hufanya mchanganyiko wa kabureta uwe mwepesi, yaani hewa nyingi kwa petroli kidogo, na Nairobi, kwa kuwa hewa ni nyembamba, kabureta iliyosetiwa pwani huelekea kumwaga petroli zaidi ya inavyotakiwa, hivyo wepesi huo hausumbui sana. Lakini petroli iliyotiwa hata ethanoli kidogo huwa mvuke kwa urahisi zaidi kuliko petroli tupu, na huko juu kila kitu huchemka mapema. Mafuta yanageuka mvuke kwenye paipu, pampu inavuta mvuke badala ya petroli, gari linazimika katikati ya foleni ya mchana.

Upande wa pili una hoja nzito, nami naiheshimu. Wanasema tulilia hivi hivi petroli ya risasi ilipoondolewa nchi za kusini mwa Sahara kufikia 2006, tukatabiri valvu zitakwisha zote, na bado magari yanatembea. Wanasema badilisha paipu, weka filta mpya, ongeza jeti kidogo, maisha yaendelee. Hata oktani, yaani uwezo wa petroli kutojilipukia injini ikikaza, inapanda.

Sawa, marekebisho yapo na si ghali kama kufungua injini. Ila risasi ilikuwa sumu kwenye ubongo wa watoto; kuiondoa kulistahili usumbufu wowote. Faida ya ethanoli ni ndogo kuliko hiyo, na inategemea miwa imelimwa wapi na kwa maji ya nani. Na mwenye gari atajuaje kwamba anatakiwa kubadilisha paipu ikiwa pampu haisemi kilichomo? Fundi wa gereji ya mtaani atalaumiwa kwa kabureta aliyoisafisha wiki iliyopita, kumbe kosa limetoka sheli.

Wenzetu wameweza. Uingereza iliagiza vituo vikubwa vinavyouza madaraja mawili viendelee kuweka petroli ya asilimia 5 kwenye daraja la juu. Minnesota, jimbo la Marekani linalotegemea mahindi kwa ethanoli yake, inaruhusu petroli isiyochanganywa kwa magari ya kihistoria na mashine ndogo. India haikuweka mlango huo. Mwaka 2025 ombi la kudai petroli isiyo na ethanoli lilifika Mahakama ya Juu likatupwa.

Nawauliza hasa wanaosema tangi la pili kituoni ni gharama isiyobebeka: kituo ambacho tayari kinauza petroli ya madaraja mawili kinapoteza nini daraja la juu likiachwa bila ethanoli? Na mafundi mliofanya kazi Nairobi miaka ile ya spiriti ya Muhoroni, kabureta zilikuja gerejini zikiwa na hali gani?