Jaribio la mmomonyoko: mbona chupa ya nyasi inatoa maji machafu kuliko ya udongo mtupu?

Mwalimu_Ahero
Hamjambo walimu. Gredi ya 3, mmomonyoko wa udongo. Nalaza chupa tatu: udongo mtupu, wenye matandazo, na wenye nyasi. Ile ya nyasi ndiyo inayotoa maji machafu zaidi, na watoto wanatoka darasani wakiamini nyasi huharibu shamba. Udongo ni huu mweusi wa tambarare za Kano. Kosa liko wapi? Na upepo unafundishwaje bila vumbi kuwaingia machoni?

kitalu_vihiga
Mwalimu, kosa la kwanza ni nyasi. Ukizichimbua na kuzipachika siku hiyo hiyo, mizizi imekatwa na haijashika kitu. Maji hupenya kati ya bonge la nyasi na ukuta wa chupa, yakisomba udongo uliolegea. Panda wimbi badala yake: kijiko cha chai cha mbegu, udongo mwembamba juu, nyunyizia kila siku. Baada ya siku 14 hivi mizizi imefumana. Mahindi hayafai, miche yake hukaa mbalimbali.

La pili ni huo udongo wa Kano. Ukikauka hujikunja na kupasuka, maji yakazama kwenye nyufa na kutokea chini bila kupita juu. Changanya sehemu mbili za udongo na moja ya mchanga, au tafuta udongo mwekundu. Loanisha chupa zote tatu jioni ya kuamkia somo.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo wengi huchezea jaribio. Chupa ya lita 2, kata dirisha ubavuni, acha shingo. Udongo ushindilie kwa kiganja, uso wake ulingane na ukingo wa chini wa mdomo: ukiwa chini, maji yanatuama, ukiwa juu, mabonge yanaporomoka yenyewe. Inua kitako kwa sentimita 5. Kifuniko cha chupa nyingine kitoboe matundu 10 kwa msumari wa moto (wewe, si mtoto). Mimina nusu lita kutoka kimo cha sentimita 30, upande ulioinuliwa, sawasawa kwa chupa zote. Mkono ukipanda, matone hugonga kwa nguvu zaidi na ulinganisho umekwisha.

Bilauri ulizokingia maji yanayotoka kwenye chupa usizimwage. Mchanga hutuama upesi, lakini ule udongo laini bado unaelea kesho yake asubuhi. Watoto wa Ahero wanaujua mto Nyando mvua ikinyesha. Waulize ile rangi inaishia wapi kabla hujawatajia Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria.

njoro_upepo
Kwa upepo, chukua katoni, ondoa upande mmoja, juu funika kwa nailoni inayopitisha mwanga. Ndani weka vichungu vitatu: mchanga mkavu, mchanga uliolowa, changarawe. Mtoto apepee kwa jalada la daftari mara 20, umbali wa sentimita 40, wenzake wakiwa nyuma yake. Kupuliza kwa mdomo marufuku: mate hulowesha mchanga, na mtoto akivuta pumzi anavuta vumbi.

Kisha simamisha safu ya vijitawi vyenye majani mbele ya mchanga mkavu. Usitumie kitabu kama ukuta. Upepo hukiruka na kuzunguka nyuma yake. Vijitawi hupitisha kidogo na kuupunguza kasi.

kitalu_vihiga
Ongeza kichungu cha nne: vumbi laini lililochekechwa, uso umesawazishwa. Wote watabashiri kwamba litaruka la kwanza. Mara nyingi halibanduki, kwa kuwa chembe ndogo mno hushikana. Nyunyiza mchanga kidogo upande wa upepo, pepea tena: chembe za mchanga zinadunda, zinaligonga, nalo linatimka. Barabara ya maramu nayo hutimka wingu bodaboda ikipita, hata kama upepo umetulia.

Mwalimu_Ahero
Asanteni. Kipindi ni dakika 30 na watoto ni wengi. Nianze na lipi?

njoro_upepo
Usianze na chupa. Watoe nje na rula. Chini ya ukuta wa darasa uliopakwa chokaa kuna mkanda wa madoa ya udongo. Wapime kimo chake pale penye nyasi na pale palipo wazi. Ni matone ya mvua yaliyorusha udongo, na yanaweza kuufikisha sentimita 60 juu. Dakika 15 zinatosha. Kama ukuta umepakwa juzi, weka sahani ya udongo unyevu katikati ya karatasi nyeupe, dondosha matone 10 kutoka mita 1, wahesabu madoa. Makorongo ya Katuk Odeyo, kule Nyakach, waonyeshe kwa picha tu. Kingo zake hubomoka hata kiangazi.