Kombora linaionaje ndege, na ndege inajinusuru vipi?

FundiRedio_Busia
Wakubwa, shikamooni. Jana kibandani kwangu hapa Busia tulibishana mpaka umeme ukakatika. Dereva mmoja wa malori anasema kombora likishaachiwa, ndege imekwisha. Nikamuuliza, mbona basi rubani anamwaga yale mafataki nyuma? Eti urembo! Mwenye ujuzi anisaidie, ila mimi ni fundi wa redio na TV, msinipige hesabu nzito.

AfandeMstaafu_Entebbe
Marahaba, mdogo wangu. Mimi nilikuwa fundi wa ndege, sikurusha. Huyo dereva mwambie kombora haliijui ndege. Linajua joto, au mwangwi wa rada, basi.

Kipimo unacho mezani. Elekeza rimoti ya TV kwenye kamera ya simu, kisha bonyeza. Kitaa kinachomweka kwenye skrini, macho yako matupu hayakioni (kamera ya nyuma ikikataa, tumia ya mbele). Mwanga wa jamii hiyo, wenye mawimbi marefu zaidi, ndio unaotoka kwenye bomba la injini ya jeti, na ndio unaotafutwa na jicho la Strela-2, lile kombora la Kirusi la begani. Jicho lake halikuwa na kipoza, kwa hiyo liliona chuma cha moto sana tu. Mpigaji alilazimika kungoja jeti impite ndipo ailenge mkiani. Na akilenga karibu na jua, kombora liliweza kufuata jua!

Tena watu hudhani linafuata mkia nyumanyuma. Sivyo. Ukiwa kwenye boda unakaribia njia panda, na lori linalotoka kulia limebaki pembe ileile huku linazidi kuwa kubwa, mtagongana. Mwenye boda anaikimbia pembe hiyo, kombora linaitafuta. Ndege ikikata kona, mapezi yanaligeuza kombora mpaka pembe itulie tena.

Sasa mafataki. Ni magnesiamu inayowaka kwa joto kali kuliko injini, ili jicho livutwe huko wakati rubani anakata kona. Makombora mapya yameshtuka: yanalinganisha aina mbili za mionzi, na fataki halitoi mchanganyiko uleule wa injini. Ndiyo maana siku hizi kuna mashine za leza zinazolimulika jicho lenyewe mpaka lipoteze mwelekeo.

Rada ina dawa yake, tena ya zamani. Julai 1943 Waingereza walimwaga vipande vya karatasi ya aluminiamu juu ya Hamburg, rada za Wajerumani zikajaa ndege za uongo.

Na usisahau mwendo. Injini ya kombora la begani huzimika mapema sana, linalobaki ni kasi lililokwisha kupata, na kila kona inaila. Strela-2 ya kwanza haikufika hata kilomita 4.

Nakku_Jinja
Afande, na ile ndege ya Waisraeli pale Mombasa?

AfandeMstaafu_Entebbe
28 Novemba 2002, Boeing 757 ya Arkia, ndiyo kwanza imeruka. Strela mbili, zote zikakosa. Baadaye Israeli wakaanza kufunga vifaa vya kujikinga hata kwenye ndege za abiria.

FundiRedio_Busia
Rimoti nimeijaribu, kweli kabisa! Webale nnyo, afande. Dereva amesoma yote, sasa amehama: eti likigusa tu, hakuna anayepona.

AfandeMstaafu_Entebbe
Huyo hachoki! Mwambie atafute habari za Airbus A300 ya mizigo, Baghdad, Novemba 2003. Kombora lilipiga bawa la kushoto, mafuta ya haidroli yakavuja yote, usukani ukafa. Wale watatu ndani wakaiongoza kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini mbili, wakatua wazima. Kichwa cha baruti cha Strela-2 ni cha kilo moja na kidogo tu, na kombora lenyewe linakwenda kwenye joto, yaani injini. Ndege yenye injini mbili ina nafasi. Helikopta ndogo, hapo namuunga mkono.