Toyota Premio ya 2003, otomatiki, namba C: nichukue au niache?

Mwalimu wa Magamba
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Lushoto. Mzee mmoja aliyenifundisha hesabu kidato cha pili, sasa amestaafu, anauza Premio yake. Injini ni 1NZ, otomatiki ya gia nne. Aliiagiza mwenyewe 2013. Anataka mil 7.5, kwangu kasema tutaongea. Dashibodi inasoma kilomita 214,000 na naziamini, maana yule mzee kila lita ya mafuta anaiandika kwenye daftari.

Bodi safi. Kinachoninyima usingizi ni giaboksi. Asubuhi gari likiwa la baridi, ukiweka R (rivasi) linatulia kama halijasikia, unahesabu moja, mbili, ndipo linashika kwa kishindo: gudu! D, ya kwenda mbele, haina shida. Likipata moto, R nayo inakaa sawa. Mzee anasema, "Ndivyo lilivyo mwanangu, utalizoea."

Mke wangu yuko Korogwe, kwa hiyo kila Ijumaa nitashuka Mombo na Jumapili nitapanda. Anayeijua barabara ya Soni, mlima na kona tupu, kanielewa. Halafu naona haya kumpelekea fundi. Mzee huyu aliwahi kunilipia ada. Nikija na mtu wa kuchungulia chini ya boneti, si ni kama namwambia muongo?

Spana Kumi
Mwalimu, R inayochelewa asubuhi, mara nyingi oili ya giaboksi imepungua, au imechoka, au sili za ndani zimekauka na presha inavuja. Mawili ya mwanzo ni hela ndogo. La tatu wanashusha giaboksi, na hapo bora uwe umeoa tajiri.

Anza na stiki ya kupimia oili ya giaboksi. Liendeshe lipate moto, egesha pa tambarare (kwa Lushoto utapatafuta kidogo), usizime injini. Kanyaga breki, pitisha gia zote toka P mpaka L na urudi P. Chomoa stiki, futa, chomeka tena, isome, halafu ipanguse kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu au kahawia, tunaongea. Nyeusi, inanuka kama klachi ya lori lililokwama mlima Kitonga, mshukuru mzee na uondoke.

Kishindo chaweza pia kuwa mauntingi ya injini (raba inayoishikilia) imekatika. Mtu asimame pembeni, aangalie injini unapoweka R. Ikiruka, umeijua.

Namba D
Gari la miaka zaidi ya 20 unalinunulia nini? Tafuta Toyota IST, namba D.

Spana Kumi
IST unayoisema nayo ni ya 2003, boss. Namba D ni mwaka lilipofika bongo, siyo mwaka lilipozaliwa.

Mama Wawili
Mimi yalinikuta. Fundi alikuta oili imepungua, akajazia ya usukani iliyokuwa karibu yake. Mwezi haukuisha, nakanyaga mafuta injini inalia na gari haliendi. Hiyo Premio inatumia oili ya giaboksi aina ya T-IV, nunua mwenyewe, uwepo inapowekwa. Kuhusu mzee, usimpelekee fundi. Mwambie mwende wote, utamuonea aibu gani akiwa amekaa mbele?

Mwalimu wa Magamba
Mrejesho. Nilimwambia mzee gari la kwanza hili, naomba twende kwa fundi pamoja nijifunze. Akavaa koti, akachukua daftari. Oili ya injini kila kilomita 5,000, tarehe na bei. Ya giaboksi: hakuna hata mstari mmoja tangu 2013! Alidhani haibadilishwi.

Stiki ilikuwa chini ya alama, oili kahawia iliyokolea, hainuki kuungua. Mauntingi moja imechanika. Tukashuka mpaka Mombo kwa gia ya 2, O/D (gia ya nne) imezimwa, tukapanda tena tukiwa watu wanne. Gia hazikuteleza, mshale wa joto haukutikisika. Fundi akataka kuisafisha yote kwa mashine, nikakataa. Tukamwaga inayotoka kwenye nati ya chini ya giaboksi tu, lita tatu hivi, tukaweka T-IV.

Mzee hakuongea njia nzima. Tulipofika kwake akasema toa laki saba, daftari limenisuta. Kwa hiyo 6.8, Jumatatu tunabadilisha umiliki. Leo asubuhi R nimehesabu moja tu. Nikae nayo hivyo?

Spana Kumi
Tembea kilomita 1,000, mwaga hizo tatu tena, weka mpya. Mauntingi badilisha kabla ya Ijumaa. Na asubuhi ukiwasha, usiguse R mpaka mshale wa rpm (mizunguko ya injini) ushuke.

Mama Wawili
Na daftari kadai, lije na gari.