MREJESHO: Ritani ya waajiri wawili iliyoonyesha deni la 51,000

Wakuu, niliuliza kwa nini ritani (fomu ya mwaka ya kutangaza mapato na kodi) inanidai 51,000 wakati waajiri wote wawili walikata kodi kila mwezi. Imepatikana.

Cheti cha makato cha mwajiri wa pili, kinachoonyesha mshahara na kodi aliyokata, hakikuingizwa kwenye sehemu ya kodi iliyokwisha kukatwa. Mshahara wake ulisomeka, kodi yake ikabaki sifuri. Kuingiza ile kodi ya 36,000 aliyokata kumeshusha deni hadi 15,000.

Hizo 15,000 ni halali. Kila mwajiri alinipa nafuu ya kodi, yaani kiasi kinachopunguzwa kwenye kodi ya mwezi, wakati mlipakodi anastahili moja tu. Sehemu nyingine ya deni imetokana na kujumlisha mishahara, kiasi kikaangukia kiwango cha juu cha kodi.

Mwenye hali kama hii amwombe mwajiri mmoja asitoe nafuu, mapema mwaka unapoanza. Na tafadhali, jazeni mshahara ghafi (kabla ya makato), si ule unaoingia benki. Hapo watu wengi wanakosea. Namba ya mlipakodi ya mwajiri ikaguliwe tarakimu kwa tarakimu kabla ya kutuma.

Ritani imepokelewa, risiti nimehifadhi. Asanteni sana mliosisitiza nilinganishe vyeti vyote viwili.