Naomba ushauri: mradi wa sayansi wa Darasa la Tano kuhusu mbegu za mlonge

Ndugu walimu na wazazi, habari zenu. Ninawasaidia wanafunzi wa Darasa la Tano kuandaa mradi wa maonyesho ya sayansi ya shule, nao wamechagua wenyewe kuchunguza jinsi mbegu za mlonge zinavyosafisha maji ya tope. Wanamenya mbegu zilizokauka, wanazitwanga ziwe unga, wanaukoroga katika maji ya mtoni kwa haraka kisha polepole, halafu wanayaacha yatulie kwa saa moja au mbili, huku chupa nyingine ya maji hayo hayo ikiachwa bila unga ili walinganishe. Tofauti inaonekana wazi, na nimewasisitizia kwamba hata maji yaliyotakata hivyo lazima yachemshwe kabla ya kunywewa.

Nilipokwama ni kwenye vipimo. Tuliweka karatasi yenye alama nyeusi ya kujumlisha chini ya glasi ndefu, tukapima kwa rula kina cha maji ambapo alama inatoweka, lakini kila mtoto anataja kina chake, nami sipendi kuwaamulia jibu kwa sababu kazi ni yao.

Je, kuna njia ya kupata vipimo vinavyokaribiana zaidi bila kifaa cha maabara? Pia, mngewaelezaje watoto ambao hawajasoma chaji za umeme kwamba protini ya mlonge ina chaji chanya inayonasa chembe za udongo zenye chaji hasi? Natanguliza shukrani.