Taimulaini inakwama, sauti ya ukumbini inapasuka: Sh 1,500,000 niipeleke wapi?

Mpakato_Mza

Wakuu, habari za kazi. Napiga video za kujitegemea hapa Mwanza: sendofu, harusi, kipaimara, mara mojamoja mahojiano ya taasisi. Kamera ni moja, 4K ya biti 8, na lenzi niliyoinunua nayo, ya milimita 15-45. Kamera ya pili ni simu ya Android. Nahariri kwa programu ya DaVinci Resolve, toleo la bure, kwenye Windows, laptopu ya i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, diski ngumu ya kuzunguka ya TB 1.

Shida ni hizi. Taimulaini ya 4K, pale ninapopanga na kukata klipu, inakwamakwama hata kabla sijagusa rangi. Video ya simu inaanza vizuri, ikifika dakika ya kumi midomo na sauti vimeshaachana. Nikivuta sauti kutoka miksa ya DJ hadi tundu la maiki la kamera, inapasuka tupu. Na kumbi nyingine picha inajaa mistari ya giza inayopanda na kushuka.

Kila ninayemuuliza anasema badilisha kamera. Ni kweli? Na programu nilipie?

MezaYaUhariri

Kamera iache ilipo. Katika hayo yote hakuna litakaloondoka kwa kamera mpya, na la kwanza litazidi, maana faili zitakuwa nzito kuliko hizo.

Anza na laptopu. Toa diski ya kuzunguka, weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka), na RAM ipandishe hadi GB 16. Kabla ya kununua RAM fungua Task Manager, Performance, Memory, usome palipoandikwa Slots used. Ikiwa 1 of 2, una nafasi. Laptopu nyembamba nyingi RAM yake imechomelewa kwenye ubao, hapo huna la kufanya.

Halafu proksi, yaani nakala nyepesi za video za kuhariria. Faili za H.264, mfumo wa kubana video unaotumiwa na kamera yako, hazihifadhi kila fremu nzima. Kuna fremu moja kamili, zinazofuata ni tofauti tu kati yake na jirani zake. Ukirudisha mshale nyuma kidogo, prosesa inalazimika kuanza hesabu kutoka ile fremu kamili. Ndiyo maana inacheza vizuri kwenye VLC lakini ukianza kukata inagoma. Nenda Project Settings, Master Settings, weka Proxy media resolution iwe Quarter na fomati iwe DNxHR LB. Chagua klipu zote, bofya kulia, Generate Proxy Media, ukale chakula. Ukirudi, kwenye menyu ya Playback chagua Prefer Proxies. 4K yako sasa inachezwa kama 960 kwa 540, na kila fremu inajitegemea. Ukitoa kazi, Resolve inarudi yenyewe kwenye faili halisi, ila hakikisha Use proxy media haijawekwa tiki kwenye ukurasa wa Deliver. Watu wameshakabidhi harusi nzima ikiwa na ukungu kwa tiki hiyo moja.

Idadi ya fremu kwa sekunde iweke kabla hujaingiza klipu hata moja. Ukishaingiza, mradi unajifunga.

Kulipia? Toleo la kulipia, Studio, ni dola 295, unalipa mara moja. Ya bure inatoa hadi 3840 kwa 2160, fremu 60. Unacholipia hasa ni kusafisha chengachenga za gizani na kasi zaidi kwa faili za biti 10. Wewe una biti 8, subiri. Na asije mtu akakushawishi uhamie Linux ukiwa na toleo la bure: huko haifungui H.264, yaani faili zako zote.

Desibeli

Nichukue ya sauti. Simu kwanza, kwa sababu kosa si la sauti. Simu inarekodi kwa fremu zisizo sawa: mwanga ukipungua inapunguza fremu ili kila moja ipate mwanga zaidi. Programu ya kuhariri inadhani ni 30 mwanzo hadi mwisho, ndiyo picha inaachana na sauti. Fungua faili kwa MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili. Frame rate mode ikisema Variable, umempata mwizi. Dawa ni HandBrake, programu ya kugeuza faili za video: kwenye Video weka FPS 30, chagua Constant Framerate, ubora RF 18, sauti 48 kHz. Fanya hivyo kabla ya kuingiza kwenye Resolve, maana ukishakata, mikato yote itahama. Usiigeuze 30 kuwa 25 humo ndani, kamera ikizungushwa picha itarukaruka. Kama programu ya kamera ya simu inakubali 25, piga 25 tangu mwanzo.

Sasa miksa. Inatoa mawimbi ya volti moja na zaidi, tundu la maiki la kamera linatarajia milivolti chache tu, yaani sehemu chache za elfu moja ya volti. Sauti inapasukia mlangoni, kabla haijarekodiwa, kwa hiyo kuishusha wakati wa kuhariri ni kushusha mpasuko. Nunua rekoda yenye matundu ya XLR (yale ya plagi ya pini tatu) na swichi ya kupunguza dB 20. Zoom H5 inayo, hata iliyotumika inafaa. Mwombe fundi mitambo akupe AUX (njia ya pembeni ya kutolea sauti) iliyowekwa pre, yaani isiyofuata vitelezi vyake, usichukue njia kuu ya spika: akishusha muziki ili MC aongee, na wewe unashushwa. Vilele vya sauti vigonge dB -12, ubaki na nafasi ya vigelegele. WAV, biti 24, 48 kHz.

Mambo mawili yanayowaangusha wengi. Rekoda iendeshe kwa betri, ukiichomeka umeme mmoja na miksa unaweza kupata ule mngurumo wa hezi 50. Pili, maiki ya MC ikiwa tayari inapasuka kwenye miksa, hakuna rekoda itakayokuokoa, hata zile za biti 32. Ndiyo maana kinasa kidogo cha akiba kikae mbele ya spika moja.

BiShata

Mistari ya giza: umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyotoka Marekani inakuja imewekwa NTSC, mfumo wa video wa huko: fremu 29.97 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/60 ya sekunde, haviendani. Ingia kwenye menyu, weka PAL, mfumo wa nchi za hezi 50, fremu 25, shata 1/50. Ikibaki, jaribu 1/100. Ukumbi ukiwa kwenye jenereta hezi zinayumba, mistari hafifu inaweza kurudi, na hapo si kosa lako. Taa za LED za jukwaani zina mapigo yao wenyewe, usogeze shata kidogokidogo huku ukitazama skrini.

Ukitoka nje na 1/50 hiyo picha itaungua kwa mwanga. Jua kali, ISO 100, f/5.6 linataka shata karibu 1/800. Ili ubaki 1/50 unahitaji kukata stopu 4 (kila stopu ni nusu ya mwanga), yaani kichujio cha ND16, kioo cheusi cha kufunga mbele ya lenzi. Kipimo cha nyuzi za kufungia kichujio kimeandikwa mbele ya lenzi, pembeni ya alama ya ø. ND za kuzungusha za bei rahisi zinachora msalaba mweusi ukizifikisha mwisho, hasa ukiwa kwenye 15.

Mpakato_Mza

Asanteni sana. Kwa hiyo SSD, RAM, rekoda, ND. Kadi je? Nina mbili za GB 64 za kibandani, moja ilinipotezea klipu za mwanzo.

MezaYaUhariri

Klipu za mwanzo kupotea ni dalili ya kadi feki: imeandikwa 64 lakini ndani ni ndogo, ikijaa inaandika juu ya za zamani. Zipime zote kwa programu ya H2testw, inajaza nafasi yote iliyo wazi kisha inasoma ilichoandika. Haifuti faili zilizomo, lakini kwenye kadi feki zinaweza kuharibika, kwa hiyo hamisha kwanza uipime ikiwa tupu. 4K ya megabiti 100 ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, GB 45 kwa saa. Kadi yenye alama V30 inatosha, huhitaji V90.

Ile diski ya zamani itie kwenye kasha la USB iwe ya nakala. Kadi usiiformati mpaka faili ziko sehemu mbili na umefungua klipu ya mwisho ukaiona inacheza hadi mwisho.

Na ukifungua laptopu, zima kabisa, chomoa chaja, kisha chomoa waya wa betri kwenye ubao kabla ya kugusa RAM. Zile skrubu za chini hazilingani urefu. Zipange kwenye karatasi kwa mpangilio wake, ukiweka ndefu pasipo pake inachimba ubao.